Duara Jeupe Si Cheti cha Undugu

Kuna ndege wawili ambao mkazi wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, hupishana nao karibu kila siku. Wa kwanza ni kinengenenge, mdogo kuliko shomoro, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, na kila jicho lake limezungukwa na duara jeupe kana kwamba limechorwa kwa chaki. Huja kwa makundi kwenye mibuni na migomba, hupekua majani juu na chini, kisha kundi zima huhamia mti wa pili huku likilia kwa sauti nyembamba. Wa pili ni mnana wa manjano mwenye mstari mweusi unaokatiza jichoni. Huyu hukaa pia huko chini kwenye joto, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, kwenye vichaka vya kando ya mito inayoingia Ziwa Nyasa. Wageni waliowaandika ndege hawa vitabuni waliziona alama za machoni wakakumbuka miwani. Ndiyo maana Wajerumani humwita kinengenenge ndege wa miwani, na Waingereza humwita yule wa pili mnana wa miwani.

Nayaandika haya kuyajibu madai yanayorudiwa juu ya ndege hawa na wanyama wenzao wa miwani. Mengine husemwa shambani, mengine darasani, mengine hupita kwenye simu pamoja na picha zisizotajwa zimetoka wapi. Moja, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, lilikaa katika vitabu vya wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Madhara ya madai haya hayalingani, kwa hiyo sitayapa nafasi sawa.

Dai: wanyama wenye miwani ni wa nchi za mbali, Afrika hawapo

Anayesema hivi huwa amemwona dubu wa miwani kwenye televisheni. Dubu huyo yupo kweli, anaishi kwenye milima ya Andes, na ndiye dubu pekee wa Amerika Kusini. Uso wake una mabaka ya rangi ya maziwa yanayozunguka macho, na kila dubu ana mabaka ya namna yake. Huko Alaska na Siberia kuna bata wa miwani, Australia kuna popo mkubwa wa miwani anayekula matunda, Malaysia kuna kima ambaye ngozi nyeupe imezunguka macho yake. Hata mamba wa Amerika ya Kati na Kusini anayeitwa wa miwani hana rangi yoyote iliyochorwa usoni: jina lake limetokana na ukingo wa mfupa ulio kati ya macho yake.

Lakini kuanzia hapo kusema kwamba Afrika hatuna ni kuruka mto bila kuangalia maji. Mnana miwani alielezwa kisayansi na Andrew Smith mwaka 1828, kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1905 Mjerumani Oscar Neumann aliwatenga ndege wa aina hiyo wanaoishi upande wetu wa mashariki, akawapa jina la suahelicus. Yaani yule mnana anayesuka kiota juu ya kijito hapo Liuli anabeba jina la Waswahili katika orodha za dunia nzima, na watoto wetu wanafundishwa dubu wa Peru. Sioni ubaya wa kumjua dubu. Naona ubaya wa kutomjua mnana.

Dai: wote wenye miwani ni jamaa moja

Hili nitalipita upesi, maana jibu lake litarudi kwa uzito zaidi huko mbele. Dubu ni mnyama anyonyeshaye, mamba ni mtambaazi, bata ni ndege. Hata kinengenenge na mnana, ambao wote ni ndege wadogo wa manjano, wako katika familia mbili tofauti. Alama ya jichoni imetokea mara nyingi katika historia ya viumbe, kila mara kwa njia yake: manyoya meupe hapa, ngozi tupu pale, mfupa kule. Binadamu ndiye aliyekuja nyuma na jina moja akawakusanya.

Dai: swila wa miwani yuko kwetu, na dawa ya mate yake ni maziwa

Hapa sasa tuna madai mawili yaliyofungwa pamoja, na la pili linaweza kumpofusha mtu.

Swila wa miwani ni nyoka wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka. Carl Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Anapotanua shingo, upande wa kisogo huonekana alama mbili za mviringo zilizounganishwa kwa mstari, na hizo ndizo miwani yake. Hazimo usoni, wala hazihusiani na macho. Picha zake zimetufikia kupitia filamu za Kihindi na wacheza nyoka wenye zumari, na kwa sababu swila wetu naye hutanua shingo, watu wameunganisha wawili hao. Swila wa huku kusini, yule mweusi wa shingo na yule wa Msumbiji, hawana miwani popote. Alama zao ziko upande wa koo: mikanda myeusi, na kwa baadhi yao rangi ya waridi au manjano katikati yake. Ukiona picha ya nyoka mwenye miwani kisogoni, na aliyeituma anasema imepigwa Kigonsera au Mbamba Bay, picha hiyo imetoka Asia.

Wavuvi nao husimulia juu ya swila wa majini ndani ya Ziwa Nyasa. Swila wa majini anayekula samaki ni wa Ziwa Tanganyika. Masimulizi husafiri na watu, na wavuvi wamesafiri sana kati ya maziwa haya.

Swila wetu wa huku kusini ana jambo ambalo yule wa miwani wa India hasifiki nalo: kutema sumu. Hurusha sumu kupitia matundu yaliyo mbele ya meno yake, na huweza kufikia mita mbili au zaidi, akilenga uso. Sumu ikiingia jichoni maumivu huwa makali papo hapo, jicho hufumba lenyewe, na mtu hukimbilia chochote kilicho karibu. Wengine humwaga maziwa, wengine hutumia mkojo, wengine hupaka majani yaliyosagwa.

Kinachosaidia ni kuosha. Maziwa yakisaidia, yamesaidia kwa kuwa ni majimaji yaliyoiondoa sumu, wala hayana nguvu yoyote ya pekee juu yake. Maji safi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na yanapatikana kwa wingi. Mwagia jicho maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ukizifungua kope kwa vidole, bila kulisugua. Kisha nenda hospitali, iwe ya Litembo au Liuli au kituo chochote kilicho karibu, kwa sababu sumu huweza kuchubua kioo cha jicho na bakteria wakaingia hapo. Majani yaliyosagwa huongeza uchafu kwenye kidonda. Na asiyeumwa na meno, aliyetemewa jichoni tu, hahitaji kudungwa dawa ya kupambana na sumu ya nyoka. Anahitaji jicho lake lioshwe, lichunguzwe, na lipewe dawa ya kuzuia maambukizi. Miwani yenyewe, ile ya kuvaa, hupunguza sumu inayofika jichoni, ila matone hupita pembeni na juu.

Kuna utafiti mmoja juu ya swila unaonisaidia kuelekea ninakokwenda. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha kazi ya Taline Kazandjian na wenzake walioonyesha kwamba uwezo wa kutema sumu ulizuka mara tatu katika jamii hii ya nyoka, kila mara peke yake: kwa swila wa Afrika, kwa swila wa Asia, na kwa nyoka mmoja wa kusini mwa Afrika aliye karibu nao. Na mara zote tatu sumu ilibadilika kwa namna inayofanana, ikaongezewa kemikali inayozidisha maumivu. Ukiwapanga nyoka kwa kutazama nani anatema na nani hatemi, utakosea undugu wao. Tabia ile ile, njia tatu.

Dai: mnana ni mnana, wote ni wezi wa nafaka

Mwenye shamba la mpunga kwenye bonde la mto Ruhuhu, karibu na Lituhi, ana haki ya kuwachukia ndege wanaoshuka kwa maelfu. Tatizo ni kwamba hasira hiyo humpata asiyehusika. Kwelea kwelea wanakwenda kwa makundi makubwa na wanakula mbegu za nafaka. Mnana miwani anaishi wawili wawili, dume na jike, mwaka mzima, na chakula chake kikuu ni wadudu na buibui anaowapekua kwenye majani na magome. Mdomo wake mwembamba uliochongoka unaonyesha kazi hiyo. Mdomo wa mla nafaka ni mnene, wa kuvunjia.

Kiota chake pia kinamtofautisha. Minana wengi hujenga kwa makundi, viota kumi au hamsini kwenye mti mmoja, kelele kutwa. Huyu hutundika kimoja, mara nyingi juu ya maji, kimesukwa kwa nyuzi nyembamba kiasi kwamba ukitazama kutoka chini unaona mianga ikipenya, na mlango wake ni mrija mrefu unaoning'inia kuelekea chini. Dume na jike wote wana mstari wa jichoni, dume anaongeza baka jeusi kidevuni na kooni. Mvulana mwenye manati akikumbuka hayo mambo matatu, mstari, mdomo mwembamba na kiota cha peke yake, hatampiga tena kwa kosa la kwelea.

Dai: lile duara la kinengenenge ni ugonjwa wa macho

Si ugonjwa. Ni manyoya madogo sana, meupe, yaliyoota kwenye kope na kuzunguka jicho. Kinda huanguliwa akiwa uchi bila duara lolote, nalo huja manyoya yanapoota na kukomaa. Jicho lenyewe ni zima, na kali: ndege huyu huona kidukari kilichojificha chini ya jani. Wale wanaosema duara hilo humsaidia kuona kama miwani nao wamekosea upande wa pili, kwani manyoya hayapindishi mwanga. Kuku wa kufugwa akiugua macho, mtafute bwana mifugo. Kinengenenge hahusiki.

Dai: kinengenenge anaharibu kahawa

Dai hili linanigusa kwa sababu Mbinga inaishi kwa kahawa. Ada za shule, mabati ya nyumba, posa, vyote hupita kwenye ile mibuni iliyopandwa kwenye miinuko, jirani na mashimo ya ngoro ya mahindi na maharage. Ndege yeyote anayeonekana mara kwa mara juu ya mbuni lazima aulizwe anafanya nini pale.

Anafanya mambo matatu. Anakula wadudu wadogo: vidukari, vidugamba, viwavi, buibui. Anakunywa maji matamu ya maua, maana ncha ya ulimi wake imechanika nyuzi nyuzi mfano wa brashi. Na anadonoa matunda laini, ya mikuyu hasa, na mapera au mapapai yaliyokwisha kutobolewa. Nalikubali hilo la tatu bila kulificha. Mwenye papai lake ana malalamiko halali. Ila tunda la kahawa lina punje mbili ngumu ndani ya nyama kidogo, na ndege wa gramu kumi hivi, mwenye mdomo mwembamba, halichumi wala halibebi.

Maadui wa mbuni wanajulikana, na wakulima wa Umatengo, yaani nyanda hizi za Mbinga, wanawataja bila kusoma popote: chule buni, kutu ya majani, bungua weupe anayetoboa shina, ruhuka anayetoboa punje, kidomozi, vidugamba. Wawili wa kwanza ni magonjwa ya kuvu, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo chake Ugano hapo hapo Mbinga, imepambana nayo kwa kusambaza miche inayoyahimili. Waliobaki ni wadudu. Hakuna ndege katika orodha.

Kuna jaribio lililofanyika Kilimanjaro ambalo kila mkulima wa Mbinga angepaswa kusomewa. Alice Classen na wenzake walifunika baadhi ya mibuni kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, wakaiacha mingine wazi, wakahesabu mazao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Mahali ndege na popo waliporuhusiwa kufika, mibuni ilishika matunda zaidi kwa takriban asilimia 9. Nyuki nao waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7 hivi. Hesabu hiyo ni ya ndege na popo wote pamoja, na sitamvika kinengenenge peke yake sifa ya kundi zima. Lakini yeye ni miongoni mwa wale wanaopekua majani ya mbuni kutwa nzima, na mkulima anayewaruhusu watoto wawinde vinengenenge kwa manati anawaondoa vibarua ambao hajawahi kuwalipa.

Nyongeza kwa wanaokata miti ya kivuli ili kuongeza mistari ya mibuni: kinengenenge hujenga kikombe kidogo kwenye panda ya tawi, kwa nyuzi za mimea na utando wa buibui, na hutaga mayai mawili au matatu. Shamba lisilo na mti mrefu wala ua wa vichaka halina panda hiyo.

Dai: ukimwona kinengenenge mmoja umewaona wote

Sasa nimefika kwenye dai ambalo halikutoka kijiweni. Lilitoka kwa watu waliosoma, tena mmoja wao namheshimu sana.

Reginald Moreau alifika Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1928. Hakuwa mwanasayansi wa ndege kwa elimu. Alikuwa mtu wa hesabu za ofisi aliyependa ndege. Alikaa hapo hadi 1946, na kazi yake nyingi aliifanya pamoja na Salimu Asmani, Mtanganyika aliyekuwa na jicho na sikio la msituni, ambaye vitabu havijamlipa bado inavyostahili. Kinengenenge wa milima ya Pare Kusini anaitwa winifredae, kwa jina la Winifred, mke wa Moreau. Mwaka 1957, akiwa Uingereza, Moreau alichapisha uchambuzi mkubwa wa vinengenenge wa Afrika na visiwa vyake. Alipima mabawa, mikia, midomo, rangi za tumbo, upana wa duara. Ilikuwa kazi ya uvumilivu mkubwa, na kwa vifaa vya wakati wake haikuwa na mshindani.

Kutokana na mpangilio wa aina hiyo, vitabu vya ndege vilivyofuata viliwakusanya wale wa milimani wenye duara pana, wa Kilimanjaro, wa Taita, wa Pare Kusini, wa nyanda za Wakikuyu, chini ya spishi moja ya milima. Wale wa tambarare na vilima vya chini, wenye duara jembamba na tumbo la manjano, walikusanywa chini ya jina la Senegali. Mantiki yake inaeleweka: zamani msitu wa baridi ulienea, ndege mmoja akaenea nao, kisha msitu ukakatika vipande na ndege akabaki juu ya kila mlima. Duara pana lilichukuliwa kuwa cheti cha ukoo huo.

Chembe za urithi zimekataa. Mwaka 2014 Cox na wenzake walichapisha uchunguzi wa takriban aina 140 za vinengenenge, wakiwemo wale wa milima ya Afrika Mashariki. Walikuta kwamba ndege wa mlima mmoja mara nyingi wana undugu wa karibu zaidi na ndege wa tambarare, au wa mazingira tofauti kabisa, kuliko na wale wa mlima wa jirani wanaofanana nao. Duara pana lilitokea hapa, likatokea tena kule, kama kutema sumu kulivyotokea kwa swila mara tatu. Mwaka 2017 Pearson na Turner walipitia upya orodha yote ya vinengenenge wa Kenya, Uganda na Tanzania katika jarida la Scopus, wakawatenganisha wengi waliokuwa wamefungwa pamoja. Kinengenenge wa Taita sasa ni spishi kamili, anayeishi kwenye vipande vya msitu vya vilima vya Taita na mlima Kasigau, basi. Wa Pare Kusini kadhalika. Wa Pemba, aliyepewa jina la vaughani mwaka 1924, hapatikani penginepo duniani zaidi ya kisiwa hicho na visiwa vidogo vinavyokizunguka.

Wapo wanaoona hili ni ugomvi wa majina usiomhusu mtu. Linamhusu kila anayepanga fedha za kutunza misitu. Spishi moja iliyoenea kwenye milima kumi haina haraka. Mlima mmoja ukipoteza msitu wake, tisa inabaki. Spishi iliyo kwenye mlima mmoja haina akiba. Kwa nusu karne kosa la duara liliwafanya ndege wa Taita waonekane wana akiba ambayo hawakuwa nayo.

Pingamizi jingine ni hili: ndege hawawezi kugawanyika upesi namna hiyo. Watafiti wanakadiria kwamba mtawanyiko wote wa vinengenenge wa Afrika ulitokea ndani ya miaka milioni 1 hadi 2.5, na kwa hesabu za historia ya dunia hiyo ni jana. Mtu wa Mbamba Bay ndiye angekuwa wa mwisho kulishangaa, maana ziwa lililo mlangoni pake limefanya jambo kubwa zaidi. Samaki wa jamii ya magege na mbuna waliomo Ziwa Nyasa ni mamia ya spishi, na karibu wote hawapo kwingine. Wa miamba ya ghuba moja huweza kutofautiana na wa miamba ya ghuba ya pili kwa sababu tu mchanga uliopo katikati hawauvuki. Mmoja wa samaki hao, aliyeandikwa na Boulenger mwaka 1908, ana jina la Kapteni Rhoades, mkusanyaji wake.

Ziwa lenyewe linaeleza pia sababu. Mwaka 2005 wanasayansi walichimba matope ya sakafu yake, wakasoma ndani yake historia ya ukame mkubwa uliotokea zaidi ya miaka 70,000 iliyopita, uliolipunguza kina kwa mamia ya mita. Ukame wa namna hiyo huikata misitu vipande, na mvua ikirudi vipande huungana. Ndege anayependa kuhama kwa makundi huvuka bonde wakati wa mvua, kisha hufungiwa juu ya mlima wakati wa kiangazi kirefu. Rudia hivyo mara nyingi, utapata vinengenenge tulio nao.

Na wa Umatengo je? Mwaka 1899 Anton Reichenow wa Berlin aliwaita ndege wa nyanda hizi za kusini stierlingi, kwa heshima ya daktari wa Kijerumani. Baadaye waliwekwa chini ya jina la Senegali, nchi iliyo upande wa pili wa bara. Leo orodha nyingi zimewatoa huko na kuwaweka chini ya anderssoni, jina la Msweden aliyesafiri Namibia, spishi inayoanzia Angola na Zambia hadi kwetu na Msumbiji. Kwa hiyo anayemwambia mwanafunzi wa Mbinga kwamba ndege wa kwenye mbuni ni yule yule wa Senegali anamfundisha kitabu kilichopitwa.

Dai: ndege aliyejaa kila mahali hahitaji kuandikwa

Hili husemwa na watu wema, wenye kujali tembo na simba wa kusini, wanaoona muda hautoshi kwa ndege wa gramu kumi. Jibu langu ni kwamba makosa yote niliyoyaeleza yalianza kwa kumwona ndege kuwa wa kawaida. Kinengenenge wa Pemba amejaa kwenye bustani za Pemba, na ni spishi ya kisiwa kimoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka.

Umatengo una bahati ya kuwa na ngazi kamili ya urefu ndani ya mwendo mfupi. Ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, miinuko ya Mbinga hukaribia mita 2,000, na sasa barabara ya lami ya kilomita 66 inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay. Mwalimu wa baiolojia mwenye wanafunzi na simu za kawaida anaweza kurekodi mlio wa alfajiri wa vinengenenge wa Litembo, kisha wa katikati ya mteremko, kisha wa mwambao, akiandika kwa kila sauti tarehe, mahali, urefu na mti waliokuwa juu yake. Nchini Kenya ilibainika kwamba milio ya vinengenenge wa milima tofauti hutofautiana, na tofauti hizo zilisaidia kuwatenganisha. Kumbukumbu za aina hiyo hupokelewa na Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambayo imekuwa ikizikusanya kutoka kila pembe ya nchi tangu miaka ya 1980. Mwezi mzuri wa kuanza ni Oktoba, mibuni inapotoa maua na makundi yanashuka hadi kwenye matawi ya chini, ambako hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kusoma upana wa duara.